Namba Moja Iko Gomeni

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Dadu alikata miti vipande vidogo ambavyo havikujenga kitu. Havikuwa vya mlango wala vya kitanda, na havikufaa hata kuegemeza mguu wa meza inayocheza. Kila kimoja kilikuwa na upana wa vidole viwili pande zote, laini, pembe zake kali. Vikipangwa mezani vilifanana na dadu za mchezo, na hapo ndipo alipopatia jina lake. Wenzake wa kituo cha utafiti wa mbao walianza kumwita hivyo kwa mzaha. Kufikia mwaka wake wa tano hata mlinzi wa getini hakujua kama ana jina jingine.

Alikuwa nalo. Alikuwa na majina matatu kamili, aliyopewa na wazazi wake, na tamaa yake kubwa ilikuwa kuyaona siku moja yamechapishwa kwenye karatasi. Wengine hutamani gari. Yeye alitamani mstari mmoja.

Aliyeichochea tamaa hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Shemeji alikuwa fundi wa ngazi. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, na ngazi zake zilisimama ukutani zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi wanaopigwa picha. Kila Jumamosi Mzee Dadu alipopita kuwasalimia, mashtaka yalikuwa yale yale.

"Shemeji, karibu. Wiki hii umejenga nini?"

"Nimekata."

"Umekata nini?"

"Vipande themanini."

"Vya nini?"

"Vya kupima."

"Halafu?"

"Vinakaushwa, vinapimwa tena."

"Halafu?"

"Vinatupwa."

Hapo Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. "Haki ya nani! Mke wangu, njoo umsikie kaka yako. Mti mzima anaukata, anaupima, anautupa! Shemeji, nionyeshe kitu kimoja tu ulichojenga, hata kigoda cha kuku, mimi nitanyamaza milele."

"Kuku hakai kwenye kigoda," alijibu Mzee Dadu.

"Kwa sababu hujakijenga!"

Wote walicheka, na Mzee Dadu naye alicheka. Lakini utani wa shemeji ni kama mwiba wa samaki: unaumeza huku unacheka, unakuchoma ukishafika kwako.

Kazi yake, hata hivyo, haikuwa ya kuchekwa. Watu wengi hudhani gogo ni gogo, kwamba ukikata ubao huku au kule ni mbao ile ile. Sivyo. Mti hauna umri mmoja. Katikati kabisa, kwenye kiini, kuna mbao ambayo mti uliijenga ukiwa mdogo, una haraka ya kurefuka: mbao nyepesi, laini, ambayo ikikauka hujikunja na kufupika. Kadiri unavyotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, unakutana na mbao ya utu uzima, nzito na ngumu, iliyojengwa bila papara. Ukipanda kutoka chini kwenda juu mambo hubadilika tena, kwa sababu kilele chote ni cha juzi tu. Mti wa miaka thelathini umebeba utoto wake tumboni, na seremala asiyejua hilo atakuja kuujua utoto huo siku kabati litakapokataa kufunga.

Mzee Dadu alilijua kwa mikono kabla ya kulisikia kwa wasomi. Msumeno ulipokuwa karibu na gome ulilia na kusukuma nyuma. Ulipofika katikati uliteleza kama kisu kwenye sabuni.

Gogo lilipofika, alilikata visahani, kimoja kwa kila mita. Katika kila kisahani alitoa ukanda mmoja kutoka gomeni mpaka kwenye kiini, na ukanda huo akaukata vipande. Kila kipande kiliandikwa herufi na namba kwa wino usiofutika. Herufi ilionyesha kipande kimetoka urefu gani wa mti. Namba ilionyesha kimekaa wapi kati ya gome na kiini. Kisha vilipimwa uzito vikiwa vibichi, vikaingia kwenye oveni mpaka vikawa havipungui tena, vikapimwa upya.

Namba hizo alifundishwa na mkataji wa kabla yake, mtu mkali aliyekosa kidole kimoja. "Msumeno unabisha hodi gomeni," mzee yule alimwambia. "Kwa hiyo namba moja iko gomeni. Unahesabu ukiingia ndani, kama mgeni mwenye adabu." Profesa wa wakati huo alilijua hilo, na wasaidizi wake walilijua. Halikuandikwa popote. Nani aandike kwamba mlango wa chumba cha msumeno unafungukia nje?

Mkataji yule alifariki. Profesa alistaafu. Akaja Daktari.

Daktari alikuwa kijana, amesomea mbali, na hakuwa mtu mbaya. Alifika kazini kabla ya wote. Alimwamkia Mzee Dadu kila asubuhi, jambo ambalo si wasomi wote huliona la lazima. Na wiki yake ya kwanza alitamka maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyatamka mle ndani.

"Mzee wangu, jina lako kamili ni nani? Nikiandika ripoti nataka nikutaje."

Mzee Dadu alimwandikia kwenye kipande cha mbao, kwa herufi kubwa, ili asije akakosea.

Mti uliokuwa ukichunguzwa ulikuwa wa kigeni, umeletwa kupandwa kwenye mashamba makubwa, na watu waliuita "mgeni" tu. Ulikua kwa kasi ya ajabu. Kila mtu alitaka kujua kama mbao zake zinafaa kujengea, na sehemu ipi ya shina ni ya kutegemea. Mzee Dadu alikata magogo arobaini ya mgeni. Alipofika la kumi tu, mikono yake ilikuwa imeshamaliza utafiti.

Siku moja walikuja wageni kuangalia kazi, watu sita waliovaa viatu safi. Daktari aliwaingiza chumba cha msumeno. Mzee Dadu alizima mashine, akajipangusa vumbi la mbao usoni, akaona hapa ndipo mahali pa kusema neno moja la maana.

"Daktari, samahani. Huu mti una kiini laini sana. Unapita kama..."

"Mzee wangu," Daktari alimkatiza, akatabasamu kwa ajili ya wageni, "wewe kata tu. Kufikiri niachie mimi."

Wageni walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Mzee Dadu naye akacheka. Masikio yake yaliwaka moto.

Hazikupita dakika kumi, Daktari akachukua ukanda mmoja ambao ulikuwa bado haujaandikwa, akawaonyesha. "Namba moja ni hapa katikati, kwenye kiini. Tunahesabu kwenda nje, mpaka namba saba kwenye gome."

Mzee Dadu alisikia. Kinywa chake kilifunguka chenyewe. Kulikuwa na maneno manne tu ya kusema, namba moja iko gomeni, na wala hayakuwa mazito. Akawatazama wageni, akamtazama Daktari, akafunga kinywa. Si amesema nikate tu? Haya, nimekata.

Akawasha msumeno.

Baadaye alijifariji. Daktari ataona mwenyewe, alisema moyoni, uzito haudanganyi. Lakini uzito uliosomwa kinyume hudanganya vizuri sana. Daktari alipoona kwamba mgeni una mbao nzito katikati na nyepesi nje, tofauti na miti mingi ya jamii yake, hakushtuka. Alifurahi. Alitembea koridoni kwa hatua za mtu aliyegundua kitu.

Baada ya miezi minane ripoti ilitoka. Daktari alikuwa mtu wa ahadi. Katika ukurasa wa shukrani, mstari wa nne, yalikuwepo majina matatu kamili, bila kosa la herufi. Mzee Dadu aliusoma ukurasa huo akiwa amesimama, akausoma akiwa amekaa, akaenda nao dirishani akausoma penye mwanga. Kurasa nyingine hakuzifungua. Majedwali aliyaogopa tangu shule ya msingi, na siku ile hakuwa na haja nayo.

Kisha ripoti ikafupishwa ikawa karatasi moja ya kuwagawia mafundi. Jina lake likawekwa hata huko, chini kabisa, kwa maandishi madogo. Jumamosi aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akaenda kwa Shemeji.

"Wiki hii umejenga nini, shemeji?"

Mzee Dadu alimpa karatasi.

Shemeji aliisogeza mbele ya macho, akaivuta nyuma, akairudisha mbele. "Miwani yangu imekaliwa na mke wangu," alisema. "Nisomee."

"Umeiacha kwenye kiti, nifanyeje?" mkewe alijibu kutoka ndani. "Miwani ina macho, ingekimbia!"

Mzee Dadu akasoma kwa sauti ya darasani. Alisoma kichwa cha habari. Alisoma kuhusu mti na mashamba. Akafika katikati ya karatasi: "Mbao zilizo karibu na kiini cha mti huu ndizo nzito na imara zaidi, na zinafaa kwa kazi za kubeba uzito. Mbao zilizo karibu na gome..."

Hapo akakwama.

"Zilizo karibu na gome zimefanyaje?" Shemeji aliuliza.

Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa Mzee Dadu kukutana na maneno hayo. Aliyaelewa yote kwa pamoja: wageni wenye viatu safi, ukanda mkononi mwa Daktari, kinywa chake kilichofungwa. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni anapangusa mikono, anatabasamu. Shemeji ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari njema.

"Ni dhaifu," alisoma. Akaendelea mpaka chini.

"Subiri, subiri. Rudia hapo pa jina."

Akarudia.

Shemeji alipiga makofi. Akamwita muuza misumari wa jirani, akamwita mwanamke wa cherehani wa ng'ambo ya barabara. "Njooni! Mnamwona huyu? Nimemcheka huyu miaka yote, kumbe mimi ndiye mjinga. Kachapishwa!" Akachukua misumari minne, akaipigilia karatasi ile ukutani juu ya meza yake ya kazi. "Kuanzia leo, shemeji, nimenyamaza."

"Usiikimbilie sana hiyo karatasi," Mzee Dadu alisema kwa sauti ya chini. "Mambo ya wasomi hubadilika."

"Ona anavyojishusha! Mke wangu, kaka yako ana unyenyekevu mpaka unakera."

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Daktari. Mlango ulikuwa umefungwa. Daktari amesafiri, akaambiwa, amekwenda kuusema ugunduzi wake kwenye mkutano. Atarudi baada ya wiki tatu. Mzee Dadu alirudi kwenye msumeno. Tukubali ukweli: alipumua. Angeweza kwenda kwa Shemeji siku ile ile, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, akang'oa karatasi ukutani kwa nyundo. Lakini kuing'oa karatasi ni kung'oa na jina, na jina lilikuwa na siku mbili tu ukutani. Akasema, Daktari akirudi. Akasema, Shemeji ana mbao za zamani za kutosha.

Hakuwa nazo. Kwa kuwa wenye viwanda vya kupasua mbao walikuwa wakizitupa pembeni mbao za kiini za ule mti mgeni, Shemeji alizipata kwa urahisi, akajiona mjanja kuliko mafundi wote wa barabara ile.

Shemeji alikuwa na desturi moja. Hakuna ngazi iliyotoka karakanani kabla hajaijaribu mwenyewe. Aliiegemeza ukutani, akapanda mpaka kipandio cha tatu kutoka juu, akaruka hapo hapo mara tatu, akihesabu kwa sauti: "Ya mwenyewe! Ya jirani atakayeazima! Ya mwizi!" Watoto wa mtaa walikuja kutazama, na wateja walimwamini kwa sababu hiyo. Mbao nzuri, alizoea kusema, ni kama mke mwema: kabla ya kukuacha hunung'unika kwanza, ukapata nafasi ya kushuka.

Mbao ya kiini hainung'uniki. Aliruka ya mwenyewe. Aliruka ya jirani. Mguu wa ngazi ukakatika katikati, mara moja, bila kulia, mkato safi kama wa karoti. Shemeji akaanguka ubavu kwenye ukingo wa meza yake ya kazi, chini ya karatasi.

Nyonga ilivunjika mahali pabaya. Hospitalini walisema atatembea, ila kwa magongo, na kupanda chochote asahau.

Dada yake alimkuta Mzee Dadu koridoni. Mkononi alikuwa na kipande cha ule mguu wa ngazi. Alikuwa amekibeba kutoka karakanani bila kujua kwa nini. Mzee Dadu alikigeuza, akautazama upande uliokatika. Miduara ya ukuaji ilikuwa mipana, yenye haraka, na katikati yake kidoa cha kiini kilimkodolea kama jicho.

"Kaka," alisema dada yake, "ile karatasi si ilisema ndiyo imara? Jina lako si lilikuwepo?"



Daktari aliporudi, Mzee Dadu alikuwa amesimama mlangoni pake tangu saa moja asubuhi, na ndoo ya maji mkononi. Aliingia nayo ofisini, akaiweka juu ya zulia.

"Mzee, vipi tena? Bomba limepasuka?"

Mzee Dadu alitoa vipande viwili vilivyokaushwa. Kimoja kimeandikwa moja, kingine saba. Akavitia majini. Namba moja ikazama karibu yote, ikabakiza mgongo tu. Namba saba ikaelea juu juu kama kizibo.

"Sawa," alisema Daktari. "Namba moja ni nzito. Ndivyo nilivyoandika."

"Namba moja ni ya gomeni, Daktari."

Daktari alivitazama vile vipande. Akainuka, akafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yangu. Kituo hiki kimehesabu hivyo siku zote."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo angeweza kusema, hukuniuliza. Lingekuwa jibu la kweli, na lingemtosha. Lakini alikuwa ametoka hospitalini, usiku kucha hakulala, na hakuwa tena na nguvu za kuchagua ukweli wa kumfaa.

"Siku ya wageni nilikusikia ukihesabu kutoka katikati. Nilitaka kusema. Ulikuwa umeniambia nikate tu. Nikakasirika, nikanyamaza."

Uso wa Daktari ulibadilika. Kilichoonekana hapo hakikuwa hasira. Kilikuwa nafuu, nafuu ya mtu anayezama aliyegusa chini kwa mguu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema polepole.

"Nilijua."

"Sawa. Asante kwa kusema ukweli, mzee wangu. Tutarekebisha."

Na walirekebisha, lazima tumpe haki yake, hakuchelewa. Karatasi mpya ilitoka mwezi huo huo na kugawiwa kwa mafundi wote. Ilisema kwamba mbao imara za mti ule ni zile za karibu na gome, hasa za gogo la chini, na kwamba mbao za kiini zisitumike kubeba uzito. Chini yake kulikuwa na maelezo. Daktari hakupoteza chochote ila ugunduzi. Mwanzoni mwa mwaka alipandishwa cheo. Kwenye ukuta wa chumba cha msumeno alibandika tangazo lililochapwa vizuri: NAMBA MOJA NI KIINI. Mzee Dadu akaanza kuhesabu kutoka ndani kwenda nje, na mara mbili au tatu kwa siku mkono wake ulikosea, akalazimika kukwangua wino.

Jumamosi aliyotoka Shemeji hospitalini, Mzee Dadu alikwenda amebeba magongo mawili. Aliyatengeneza mwenyewe baada ya kazi, akayapiga randa, akayapiga msasa, akayafunga mpira chini. Yalikuwa vitu vya kwanza alivyojenga maishani mwake.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa karakana, magongo ya chuma ya hospitali yameegemea karibu yake. Alipokea gongo moja. Akaligeuza kichwa chini, akalitazama nchani kama fundi anavyotazama.

"Umelitoa wapi kwenye mti?"

"Gogo la chini. Gomeni."

"Zito."

"Ndiyo."

Shemeji aliliweka sakafuni. Hakulijaribu. "Nasikia kuna karatasi nyingine. Nisomee."

Mzee Dadu aliitoa mfukoni, akasoma. Safari hii hakusoma kwa sauti ya darasani. Alipita kwenye kiini na gome, akashuka mpaka kwenye maelezo ya chini: "Toleo la kwanza lilikuwa na kosa lililotokana na uwekaji wa namba usio sahihi uliofanywa na mkataji wa sampuli." Hapo yalifuata majina matatu kamili, bila kosa la herufi.

Shemeji alitema mate pembeni. "Wamekuonea. Wakubwa ndivyo walivyo. Mzigo ukiwashinda wanamtwisha mdogo. Si ndiyo, shemeji? Wamekusingizia tu."

Dada yake alikuwa ametokea mlangoni na beseni la nguo. Akasimama. Mlango wa kutokea kwenye lawama ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyeufungua ni yule yule aliyevunjika.

"Hawakunionea," alisema Mzee Dadu. "Nilimsikia akikosea, nikanyamaza. Na siku ile niliyokusomea hapa, nilijua. Ulipoiweka ukutani, nilijua."

Barabarani mwanamke wa cherehani alisimamisha pedali. Maji yakadondoka kutoka kwenye nguo, tone kwa tone, juu ya sakafu ya saruji. Shemeji aliitazama ile karatasi ya zamani iliyokuwa bado ukutani kwa misumari yake minne, halafu akaitazama hii mpya mkononi mwa Mzee Dadu. Hakupandisha sauti.

"Rudia," alisema. "Hapo pa jina."

Mzee Dadu akarudia, yote matatu.